Sura ya Tatu: Kura, Sensa na Leseni
Nani huamua mambo ya Kwale?

Kaunti ya Kwale ina hoteli za Diani. Kwa muongo mzima ilikuwa na mgodi mkubwa kuliko wote nchini Kenya, na ina mashamba ya miwa, minazi, mikorosho na bahari yenye samaki. Kila baada ya miaka mitano watu wake hupanga foleni alfajiri kuchagua viongozi. Kwa nini basi maji, kazi na hati za ardhi bado ni taabu kwa kaya nyingi? Swali hili huulizwa msikitini baada ya swala, sokoni Ukunda na kwenye mabaraza ya machifu kutoka Kinango hadi Vanga.

Jibu la haraka ni kumtaja kiongozi fulani, aliyepo au aliyeondoka. Jibu hilo huwa na ukweli wake, ila linaacha mengi nje. Mambo makubwa ya Kwale huamuliwa na karatasi tatu: kura, dodoso la sensa na leseni ya mwekezaji. Kura hupigwa kila miaka 5. Sensa hufanyika kila miaka 10. Leseni kubwa yaweza kudumu miaka 20 au zaidi. Kalenda hizi tatu hazilingani, na sehemu kubwa ya malalamiko ya wananchi huzaliwa hapo.

Kura sita na mgawanyo wa kazi

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya, kila mpiga kura hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Wadi ni eneo dogo kabisa la uwakilishi. Kwale ina wadi 20 ndani ya maeneo bunge manne: Msambweni, Lunga Lunga, Matuga na Kinango.

Mpango huu ulitokana na Katiba ya 2010, iliyounda kaunti 47 na kuzipa serikali zao. Kugawa madaraka na fedha namna hiyo huitwa ugatuzi. Uchaguzi wa kwanza wa kaunti ulifanyika tarehe 4 Machi 2013, na Salim Mvurya akawa gavana wa kwanza wa Kwale. Alichaguliwa tena mwaka 2017. Kwa kuwa katiba hairuhusu gavana kuchaguliwa zaidi ya mara mbili, mwaka 2022 kiti kilikwenda kwa aliyekuwa naibu wake, Fatuma Achani, mmoja wa wanawake saba waliochaguliwa kuwa magavana nchini mwaka huo.

Wapiga kura wa kaunti hii wameonyesha pia kwamba chama hakiwafungi. Katika uchaguzi mdogo wa Msambweni wa Desemba 2020, uliofuatia kifo cha mbunge Suleiman Dori, kiti kilichukuliwa na mgombea huru, Feisal Bader, dhidi ya mgombea wa chama kilichokuwa na nguvu kubwa Pwani.

Jambo linalowachanganya wengi ni nani anawajibika kwa nini. Kwa ufupi:

- Serikali ya kaunti inasimamia hospitali na zahanati, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, barabara za ndani, masoko, kilimo na leseni za biashara.
- Serikali ya kitaifa inasimamia polisi, shule za msingi na sekondari, barabara kuu, bandari, hifadhi za wanyama, hati za ardhi na madini yote yaliyo chini ya ardhi.

Tazama mgawanyo huu ukiwa Msambweni. Barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga ikiharibika, wa kuulizwa ni serikali ya kitaifa. Gari likikata kona kuingia njia ya vumbi ya kijijini, wa kuulizwa ni kaunti. Dawa zikikosekana katika hospitali ya Msambweni, wa kuulizwa ni kaunti. Mwalimu wa shule ya msingi akikosekana, wa kuulizwa ni Nairobi. Mgombea wa udiwani au ugavana anayeahidi hati za ardhi anaahidi kitu ambacho hana kalamu ya kukitia sahihi. Anachoweza kufanya ni kudai na kusukuma.

Watu wanaongezeka kwa kasi

Sensa ya 1999 ilihesabu watu wapatao 496,000 Kwale. Mwaka 2009 walikuwa 649,931, na mwaka 2019 wakafika 866,820. Katika muongo huo wa mwisho kaunti iliongeza thuluthi moja ya watu wake, wakati nchi nzima iliongezeka kwa chini ya robo. Kaya moja ya Kwale ilikuwa na wastani wa watu 5. Wastani wa taifa ulikuwa 3.9.

Sababu ziko zaidi ya moja. Familia bado ni kubwa, hasa katika maeneo ya bara ya Kinango na Samburu. Watoto wengi zaidi wanaozaliwa sasa huishi, kuliko katika vizazi vya zamani. Ukunda na Diani huvuta vijana wanaotafuta kazi za hoteli, ujenzi na bodaboda kutoka kaunti nyingine. Nayo barabara ya Dongo Kundu, iliyofunguliwa kwa awamu na kukamilika mwaka 2024, imeiunganisha Kwale na upande wa pili wa bandari ya Mombasa bila kutegemea kivuko cha Likoni. Kila njia inapofunguka, viwanja vya karibu hupanda bei na nyumba huota.

Maana ya ongezeko hili huonekana kwanza kwenye chekechea. Darasa lililojengwa kwa watoto 30 hupokea 60. Mwalimu huwatoa nusu yao nje, chini ya mwembe, na siku ya mvua masomo huishia hapo. Kaunti inayoongeza thuluthi ya watu kwa miaka kumi inapaswa kuongeza thuluthi ya madarasa, vitanda vya hospitali na mabomba ili ibaki pale pale ilipokuwa. Ndiyo sababu mtu anaweza kuona zahanati mpya tatu zikijengwa na bado foleni isipungue.

Hesabu ya vichwa na hesabu ya fedha

Kaunti nyingi hazijitegemei kwa fedha, na Kwale ni mojawapo. Kila mwaka serikali ya kitaifa huzigawia kaunti zote sehemu ya mapato ya taifa. Katiba inasema isipungue asilimia 15. Tangu mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kwale umekuwa zaidi ya shilingi bilioni 8 kwa mwaka. Mapato ya ndani, yaani ada na kodi zinazokusanywa na kaunti yenyewe, yamekuwa ya mamia ya mamilioni tu.

Mgao hupimwa kwa kanuni inayotungwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa na Seneti. Katika kanuni mbili za mwanzo, idadi ya watu ilibeba asilimia 45 ya uzito wote. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki kadhaa juu ya kanuni ya tatu. Upande mmoja ulidai mtu mmoja, shilingi moja. Kaunti za Pwani na za maeneo kame zilipinga, zikisema umasikini na umbali navyo lazima vihesabiwe. Maafikiano ya Septemba 2020 yaliipa idadi ya watu asilimia 18, huku afya, umasikini, kilimo, ukubwa wa eneo na barabara vikipata mafungu yake.

Hata hivyo, sensa hubaki msingi wa hesabu nyingi, na hapo ndipo kalenda huanza kupishana. Mtoto aliyezaliwa Lunga Lunga mwaka 2020 anahitaji chanjo, chekechea na maji kila siku, lakini hayumo katika sensa ya 2019. Mgao unaotegemea hesabu hiyo haumjui.

Pengo kama hilo liko pia katika uwakilishi. Katiba inataka maeneo bunge yakaribiane kwa idadi ya watu. Kipimo hupatikana kwa kugawanya watu wote wa Kenya kwa viti 290. Kwa sensa ya 2019, ni watu wapatao 164,000 kwa kila mbunge. Tofauti inaruhusiwa hadi asilimia 30, au 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache. Eneo bunge la Kinango, linalojumuisha kaunti ndogo za Kinango na Samburu, lilikuwa na watu wapatao 296,000. Mbunge wake anawakilisha karibu watu wa wabunge wawili, na tofauti hiyo inapita kwa mbali kile katiba inachoruhusu.

Mara ya mwisho mipaka ilipopitiwa ilikuwa mwaka 2012, na ndipo Lunga Lunga ilipokatwa kutoka Msambweni. Katiba inaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka irudie kazi hiyo kila baada ya miaka 8 hadi 12. Lakini kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na makamishna, na muda ukapita. Kwa mtu wa Samburu hili si jambo la karatasi tu. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge umekuwa ukigawanywa kwa sehemu kubwa kwa usawa baina ya maeneo bunge, kwa hiyo kapu moja la basari hugombewa na familia nyingi zaidi kuliko kwingine.

Waliokuwepo bila kitambulisho

Kuna waliohesabiwa kama vichwa lakini wakanyimwa uraia. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kwale bila kitambulisho. Bila kitambulisho mtu hawezi kupiga kura, kufungua akaunti, kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kuchukua leseni ya biashara. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi hadi Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wasajiliwe. Walipiga kura kama Wakenya mwaka 2017. Jamii ya Wapemba, wengi wao wavuvi wa Shimoni, Wasini, Vanga na pwani ya Kilifi, ilisubiri hadi mwaka 2023.

Biashara ya miwa iliwaleta Wamakonde, ikawatumia, kisha kiwanda cha Ramisi kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kampuni iliondoka, watu wakabaki. Tangu hapo hadi kupata vitambulisho ilipita zaidi ya robo karne.

Kwa ufupi: sensa huamua fedha na viti, kitambulisho huamua nani anasikika. Anayekosa kuhesabiwa au kusajiliwa hupunguza sauti ya kijiji chake kizima, si yake peke yake.

Leseni kubwa: mgodi, kilima na miwa

Mchanga wa Kwale una ilmenaiti, rutaili na zikoni, madini yanayotumika kutengeneza rangi, vyuma vya kulehemu na vigae. Leseni maalum ya kuuchimba ilitolewa na serikali ya Nairobi mwaka 2004 kwa kampuni ya Tiomin ya Kanada, kwa muda wa miaka 21. Wakati huo hapakuwa na gavana, bunge la kaunti wala seneta. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mwaka 1940, ya enzi za ukoloni, na haikuwa na mgao wowote wa lazima kwa wenyeji. Familia za Maumba na Nguluku zilihamishwa kupisha mgodi.

Mwaka 2010 mradi ulinunuliwa na Base Resources ya Australia, iliyouendesha kwa jina la Base Titanium. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni Februari 2014. Mgodi uliajiri mamia ya wenyeji, ukatoa basari na kujenga huduma za afya. Desemba 2024 uchimbaji ulikoma kwa sababu mchanga wenye faida ulikuwa umekwisha.

Sheria mpya ya Madini ilikuja mwaka 2016. Iliweka kanuni ya kugawa mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa serikali kwa madini anayoyachukua: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Lakini kanuni kuandikwa si sawa na fedha kufika. Kwa miaka kadhaa baada ya sheria kupita, viongozi na wakazi wa Kwale walikuwa bado wanadai mafungu yao kutoka Nairobi huku mchanga ukipakiwa melini.

Zipange sasa kalenda hizo. Mgodi mmoja ulipita katika chaguzi kuu tatu, 2013, 2017 na 2022. Hakuna hata kimoja kati ya vyeo vya kaunti vilivyopigiwa kura humo kilichokuwepo wakati leseni ilipotolewa. Mtoto aliyezaliwa Msambweni mwezi ambao meli ya kwanza iliondoka atapiga kura yake ya kwanza ya uchaguzi mkuu mwaka 2032, karibu miaka minane baada ya mgodi kufungwa. Yeye ndiye atakayeishi kando ya mashimo yaliyofukiwa, na yeye ndiye ambaye hakuulizwa.

Kilima cha Mrima, kusini zaidi, kinatoa funzo la upande wa pili. Ni kaya kwa maana ya msitu mtakatifu, wa Wadigo, na chini yake kuna niobiamu na madini adimu yanayotafutwa na viwanda vya vifaa vya kisasa duniani. Machi 2013, wiki ile ile ya uchaguzi mkuu, serikali iliyokuwa inaondoka iliipa kampuni ya Cortec leseni ya kuchimba. Miezi mitano baadaye waziri mpya wa madini, Najib Balala, alizifuta leseni zilizotolewa katika kipindi hicho cha mpito. Kampuni ilikwenda kwenye mahakama ya usuluhishi ya uwekezaji ya Benki ya Dunia. Oktoba 2018 Kenya ilishinda, kwa sababu leseni ilitolewa bila tathmini ya athari kwa mazingira, na hivyo haikuwa halali tangu mwanzo. Hoja iliyoliokoa taifa ilikuwa utaratibu wa kisheria wa kulinda mazingira, ule ule ambao wengi huuona kama usumbufu kwa mwekezaji.

Ramisi nako ardhi ya kiwanda cha zamani ilikodishwa kwa mwekezaji mpya wa sukari mwaka 2007. Wakati huo wakazi walikuwa wamelima sehemu za ardhi hiyo kwa karibu miaka ishirini. Kesi na mivutano ya maskwota, yaani watu wanaoishi na kulima ardhi bila hati, zimeendelea tangu hapo. Watu walikuwa wameongezeka juu ya ardhi ambayo kwenye daftari la serikali ilionekana tupu.

Leseni ndogo: meza ya viazi na zabuni ya kaunti

Kwa wengi, uhusiano wa serikali na biashara hauanzii mgodini. Unaanza stendi ya Ukunda asubuhi, mkusanya ushuru anapopita na mashine yake mkononi na kumkatia risiti mama wa mahamri na viazi karai. Mwenye duka hulipa leseni ya mwaka. Mvuvi hulipa ada anaposhusha samaki bandani.

Viwango hivi havitungwi na mkusanya ushuru. Viko katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupelekwa kila mwaka katika bunge la kaunti, na katiba inalazimu bunge hilo kuwasikiliza wananchi kabla ya kupitisha sheria. Vikao hivyo huitwa vya ushirikishwaji wa umma. Aghalabu huhudhuriwa na watu wachache, na ada ikishapanda ndipo malalamiko huanza.

Upande wa pili ni zabuni. Kaunti ni mnunuzi mkubwa: hununua dawa, saruji, madawati na mafuta. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tatizo linaloua kampuni ndogo ni malipo kuchelewa. Mwanakandarasi mdogo akikopa benki kujenga choo cha chekechea na kulipwa baada ya miaka miwili, riba humla mtaji. Serikali mpya inapoingia na kutaka madeni ya zamani yakaguliwe upya, anayesubiri husubiri zaidi.

Siasa inapovunja biashara

Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, na ghasia zikaenea hadi Kwale. Zaidi ya watu mia moja waliuawa na maelfu wakakimbia makazi. Tume ya Jaji Akiwumi baadaye ilichunguza mauaji hayo pamoja na machafuko mengine ya kikabila ya miaka hiyo. Watalii waliondoka, hoteli za Diani zikafunga milango, na waliopoteza kazi hawakuwa tu watu wa kutoka nje ya Pwani waliolengwa na wavamizi. Wapishi, wauza samaki, wachonga vinyago na madereva wenyeji walirudi nyumbani mikono mitupu. Biashara ya utalii huchukua miaka kujengwa na usiku mmoja kubomolewa, na uchaguzi wenye amani ni sehemu ya mtaji wake.

Mfano wa Gazi

Katika vijiji vya Gazi na Makongeni, wananchi hulinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Chini ya mradi huo, ulioanza 2013, huuza hati za kaboni: mnunuzi wa ng'ambo hulipia hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vifaa vya shule, na matumizi hujadiliwa na wanakijiji wenyewe. Kiasi si kikubwa ukilinganisha na mgodi. Tofauti iko kwenye utaratibu. Wanakijiji wanajua kilichouzwa, wanajua kilicholipwa, na mikoko bado imesimama.

Yanayofaa kuulizwa kabla ya sahihi

Kwale itaendelea kuongeza watu, kuchagua viongozi na kupokea wawekezaji. Kila mradi mkubwa unapotajwa, wananchi wana haki ya kuuliza:

1. Nani anatoa leseni, na ni ya miaka mingapi?
2. Tathmini ya mazingira imefanyika, na iko wapi isomwe?
3. Ardhi ina watu gani leo, si kwenye daftari la zamani?
4. Mgao wa kaunti na wa jamii utalipwa lini, na kupitia akaunti ipi?
5. Mradi ukifungwa, nani atarudisha ardhi katika hali ya kutumika?

Maswali haya hayasubiri mwaka wa uchaguzi. Kitambulisho kichukuliwe, sensa ijibiwe kwa ukamilifu, kikao cha bajeti kihudhuriwe, na mwakilishi wa wadi aitwe kijijini aeleze anachokijua. Mwenye kufanya hayo huiongoza serikali yake kwa miaka mitano yote, si kwa siku moja ya kura ya Agosti.